Kumkanda farasi anayepona jeraha: mwongozo kamili wa hatua kwa hatua

Ukiitwa kumkanda farasi aliyeumia kano ya mguu wa mbele wa kushoto, mkono wako wa kwanza usiende kwenye mguu huo. Kano ile ina daktari wake, ina bendeji yake, na ina muda wake wa kupona ambao mkono wa mtu hauwezi kuufupisha. Kazi yako iko kwingine: kwenye bega la kulia lililobeba mzigo wa mabega mawili, kwenye shingo iliyokuwa ikinyanyuka kila farasi alipokanyaga kwa maumivu, na kwenye kiuno kilichokakamaa kwa wiki nyingi za kusimama bandani.

Ilinichukua muda kulielewa hilo. Farasi wa kwanza niliyemkanda baada ya jeraha nilimshughulikia saa moja na robo, kwa bidii zangu zote. Kesho yake hakutaka hata kugeuza shingo kuifikia ndoo ya maji. Jeraha halikuwa limezidi. Mimi ndiye niliyezidi.

Unachokigusa ni nini

Farasi mzima wa kilo 500 hubeba karibu asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele, yaani kama kilo 150 kwa kila mguu akiwa amesimama tu. Tena miguu hiyo haikuungwa na kiwiliwili kwa mfupa, kwa sababu farasi hana mtulinga. Kifua chake kinaning'inia katikati ya mabega kama mtu aliyelala kwenye machela, kikishikiliwa na misuli na utando wake. Mguu mmoja wa mbele ukiuma, mzigo unahamia upande wa pili, na misuli ya kifua na ya chini ya bega la upande huo hukaza upesi.

Jambo la pili la kujua ni kwamba kuanzia goti la mbele kushuka chini, na kuanzia kile kifundo kikubwa cha mguu wa nyuma kushuka chini, hakuna misuli. Kuna mfupa, kano, ligamenti (kamba zinazoushika mfupa kwa mfupa), mishipa na ngozi, basi. Hakuna nyama ya kukanda pale. Misuli inayozivuta kano hizo iko juu zaidi. Kwa mguu wa mbele iko kati ya kiwiko na goti, na huko ndiko unakoweza kufanya kazi kwa upole hata mguu wa chini ukiwa umefungwa bendeji.

Halafu kuna suala la muda. Msuli una damu nyingi, hivyo mchubuko wa kawaida hupona kwa wiki kadhaa. Kano haina bahati hiyo. Baada ya siku za mwanzo za joto na uvimbe, mwili huziba pengo kwa nyuzi changa zilizokaa ovyo, kisha nyuzi hizo huchukua miezi kujipanga kufuata mvuto wa mguu. Kano ya nyuma ya mguu wa mbele huhitaji miezi 9 hadi 12, pengine zaidi, na hata ikipona hairudi kuwa ile ya awali. Akikuahidi mtu kwamba ataiponya kano kwa vidole, mshukuru na umsindikize hadi getini.

Kabla ya yote, daktari

Usimguse farasi aliyeumia bila daktari wa mifugo kujua. Muulize mambo manne: ni kitu gani hasa kimeumia, kimefikia hatua gani ya kupona, ni sehemu gani hutakiwi kuigusa, na anapewa dawa gani za maumivu na saa ngapi. Hilo la mwisho wengi hulisahau. Farasi aliyepewa fenilbutazoni saa mbili zilizopita anaweza kukuvumilia ukibonyeza mahali ambapo bila dawa angekurushia teke. Ukimkuta ametulia namna hiyo, punguza nguvu badala ya kuongeza.

Zipo siku ambazo hukandi kabisa: akiwa na homa, mguu ukiwa umevimba ghafla na una moto, kukiwa na kidonda kibichi, usaha, au mfupa uliovunjika ambao haujaungwa, akiwa na uvimbe wa damu wa juzi au jana, akiwa na choa au ugonjwa mwingine wa ngozi unaoambukiza, mshipa wa shingo ukiwa mgumu baada ya sindano. Na ukimkuta baada ya kazi amekakamaa mgongo na mapaja, anatoka jasho, hataki kusogea, na mkojo wake una rangi ya kahawa, hiyo si misuli ya kukandwa. Nyuzi za misuli zinavunjika ndani kwa ndani na figo ziko hatarini. Usimlazimishe kutembea, mpigie daktari simu.

Saa 72 za kwanza baada ya jeraha ni za baridi na utulivu. Maji baridi au barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku, kisha bendeji kama daktari alivyoelekeza. Mikono yako ikae mfukoni.

Mahali, msaidizi na usalama

Tafuta sehemu tambarare, isiyoteleza, ambayo farasi anaijua. Usimfunge. Awe na msaidizi anayeshika kamba, saisi wake akiwepo ni bora zaidi, na asimame upande uleule uliopo wewe. Farasi akistuka, kichwa kinavutwa kwenu na matako yanakwenda mbali nanyi. Kamba isizungushwe mkononi. Vaa viatu vigumu, vua pete na saa, kata kucha. Usipige magoti wala kuchuchumaa chini ya farasi, hata akiwa mpole kama kondoo. Inama, ili uweze kuruka. Ukizunguka nyuma yake, pita ukiwa umemgusa, mkono juu ya matako, karibu kabisa, maana teke la karibu lina nguvu ndogo kuliko lile linalokupata kwa umbali wa hatua moja.

Mafuta hayahitajiki. Manyoya yanayabeba, vumbi linashika, na tandiko litateleza. Krimu za kuchua zenye joto ziache kabisa. Kwenye Olimpiki ya 2008, mashindano ya farasi yaliyofanyika Hong Kong, farasi wanne walizuiwa baada ya vipimo kuonyesha kapsaisini, kile kinachofanya pilipili iwashe. Hata kama wako hashindani, krimu inayowasha ngozi inakunyang'anya kipimo chako kikubwa, maana hutajua tena joto la ngozi linatoka wapi.

Hatua ya kwanza: pima, tazama

Farasi mzima aliyetulia huwa na joto la mwili kati ya nyuzi 37.2 na 38.3, moyo wake hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika, na hupumua mara 8 hadi 16. Mapigo utayapata kwenye mshipa unaopita chini ya taya. Hesabu kwa sekunde 30 uzidishe mara mbili. Andika. Namba zikiwa juu naye hajafanya kazi yoyote, ana maumivu au ana ugonjwa, na kazi ya leo imeahirishwa.

Kisha rudi nyuma hatua nne umtazame tu. Ametanguliza mguu mmoja wa mbele kama anayeupumzisha? Anabadilisha miguu kila baada ya muda mfupi? Ukisimama nyuma yake, matako yote mawili yamejaa sawa? Uso nao unasema: masikio yaliyokakamaa kuelekea nyuma, jicho lililobanwa, mikunjo juu ya jicho, misuli ya taya iliyotuna, mdomo uliokazwa, pua iliyovutwa. Alama hizo sita ndizo zilizowekwa kwenye kipimo cha maumivu ya farasi kilichochapishwa 2014, na kwa kuwa hazihitaji kifaa chochote, sioni sababu ya mkandaji kutozijua.

Mwombe msaidizi amtembeze hatua kumi kwenda na kurudi, kama daktari ameruhusu. Mguu wa mbele unaouma ukikanyaga, kichwa hupanda. Ule mzima ukikanyaga, kichwa hushuka. Ukiona hivyo, unajua tayari shingo itakuwa na kesi.

Hatua ya pili: soma kwa mkono

Anza kisogoni, nyuma ya masikio, ushuke shingo, bega, mgongo, kiuno, matako, paja. Mkono mmoja unasoma, mwingine unabaki umemgusa. Tumia nyuma ya kiganja kutafuta joto, kisha ncha za vidole kutafuta ugumu. Linganisha kila kitu na upande wa pili kabla ya kuamua, maana kuna farasi wenye misuli migumu kwa asili, na usichokilinganisha utakisoma vibaya.

Usikose kushuka hadi kwenye ukwato wa mguu *mzima* ulio mkabala na ule ulioumia. Gusa ukuta wa ukwato, kisha tafuta mshipa unaopiga pembeni mwa kifundo kilicho juu yake. Mguu mzima unaobeba mzigo wa mwenzake kwa wiki nyingi unaweza kupata laminaitisi, ule ugonjwa wa ukwato ambamo tishu zinazoushika mfupa ndani ya ukwato huharibika. Ukwato wenye moto na mshipa unaogonga kwa nguvu ni simu kwa daktari, siku hiyohiyo. Wapo farasi ambao jeraha la kwanza lilipona vizuri, wakapotezwa na hili la pili.

Hatua ya tatu: omba ruhusa ya farasi

Farasi wakisuguana wenyewe kwa wenyewe malishoni, hupendelea ule mwinuko wa mabega, pale singa zinapoishia na mgongo kuanza. Utafiti wa 1993 ulionyesha kwamba kumkuna farasi eneo hilo hupunguza mapigo ya moyo. Basi anza hapo. Mkune kwa vidole dakika mbili tatu, kama farasi mwenzake angefanya. Akinyoosha mdomo wa juu na kuanza kukutafuta ili naye akukune, umekaribishwa.

Hatua ya nne: kupapasa

Kiganja chote, kikiwa kimelegea, uzito wa mkono tu. Fuata manyoya: shingo, bega, ubavu, mgongo pembeni mwa uti, matako. Mkono mmoja ukimaliza safari, mwingine uwe umeshaanza, ili asibaki bila kuguswa. Dakika tano. Hapa ndipo damu inapoamka na ndipo farasi anapoamua kama anakuamini.

Kabla ya kuongeza nguvu, jifunze nguvu zako nyumbani kwa mzani wa jikoni. Bonyeza mpaka usome kilo 1, kisha 2, kisha 3, ukiwa umefumba macho. Utashangaa jinsi mikono inavyodanganya. Wengi wakiambiwa "kidogo tu" hufika kilo 4. Kwa farasi anayepona, anza na 1, na usivuke 3 katika wiki zako za mwanzo naye.

Hatua ya tano: shingo, kifua na bega

Farasi akiwa ameumia mguu wa mbele, hapa ndipo penye kazi kubwa, hivyo pachukue nusu ya muda wako.

Kuna msuli mrefu unaoanzia nyuma ya sikio, unashuka ubavuni mwa shingo, unapita mbele ya bega na kuingia mguuni. Ndio unaouvuta mguu mbele. Bana msuli huo taratibu kati ya kiganja na vidole, inua kidogo, achia, sogea upana wa mkono mmoja, rudia. Kama unakanda unga laini, si kama unakamua nguo. Kisha kifua: simama pembeni ya bega, si mbele ya magoti, weka ngumi iliyolegea kati ya miguu ya mbele, bonyeza, zungusha kidogo, achia. Upande wa mguu mzima utakuta mgumu zaidi.

Sasa ile pembetatu ya nyama kati ya bega na kiwiko. Weka kiganja juu yake, egemea kwa uzito wa mwili, si kwa nguvu za mkono, kisha ngoja. Kwanza ngozi hutetemeka kama inafukuza nzi. Usiondoke, usiongeze. Baada ya muda jicho linaanza kupepesa polepole, mdomo wa chini unalegea, kichwa kinashuka kidogo, kisha pumzi ndefu inatoka puani na unahisi nyama chini ya kiganja inazama, kama godoro lililokaliwa. Mara nyingi atalamba midomo, atafune hewa, apige miayo. Ondoa mkono. Mwache akae na alichokipata nusu dakika kabla hujamgusa tena. Wakandaji wageni hukosea hapa, wanakimbilia msuli mwingine.

Na akikataa? Masikio yanalala nyuma, mkia unachapa, kichwa kinakugeukia, mguu unapiga chini. Usimkaripie. Punguza nguvu nusu, akiendelea, hama. Farasi anayeadhibiwa kwa kusema "inauma" atajifunza kunyamaza, na wewe utakuwa umepoteza dira.

Hatua ya sita: mgongo na matako

Mgongoni usiguse uti wenyewe. Fanya kazi upana wa mkono kutoka kwenye uti, kwa kisigino cha kiganja, kutoka nyuma ya bega hadi kiunoni, ukibonyeza na kuachia. Nyuma ya mbavu ya mwisho punguza nguvu, kwa kuwa chini ya hapo hakuna mbavu za kukinga kilichomo.

Matakoni misuli ni minene, unaweza kutumia ngumi mbili kwa kupokezana. Farasi aliyeumia mguu wa mbele hurudisha uzito nyuma, kwa hiyo matako na kiuno huchoka. Aliyeumia mguu wa nyuma hufanya kinyume, na kifua chake ndicho kitakachokushangaza.

Ukikuta fundo dogo gumu ndani ya msuli, liwekee kidole gumba, bonyeza mpaka farasi alisikie bila kulikimbia, ushikilie sekunde 20 hadi 30, kisha upapase eneo zima. Mara mbili, tatu, imetosha. Fundo lisipolegea leo, kesho kutwa lipo.

Kupigapiga kwa viganja vilivyokunjwa kama kikombe kunapendeza kwenye video. Kwa farasi anayepona sijaona kinachoongeza, nimeona tu kinavyowaamsha waliokuwa wameanza kusinzia. Zile mashine za kutetemesha nazo zisubiri mpaka farasi arudi kazini.

Kulikaribia jeraha lenyewe

Hapa ruhusa ya daktari iwe mpya, si ile ya mwezi jana.

Kama ni msuli uliochanika, tuseme wa nyuma ya paja, daktari akikubali unaanza kwenye kingo, sehemu nzima inayopakana na jeraha, ukisogea ndani kidogo kila kikao. Jeraha hili lisipotunzwa huacha kovu gumu linalofupisha msuli: farasi akitembea, mguu unavutwa nyuma kabla ya kutua na ukwato unapiga chini kwa kishindo. Kovu likishakomaa, kulilegeza ni kazi ngumu, kwa hiyo kukanda kwa upole pamoja na kutembezwa mapema, daktari akiruhusu, kuna maana kubwa zaidi hapa kuliko kwenye jeraha lingine lolote nililotaja.

Kovu la ngozi: subiri lifunge kabisa, nyuzi za mshono zitolewe, pasiwe na ukoko. Kisha vidole safi na vaselini kidogo, miduara midogo kuzunguka kingo, dakika tatu hadi tano. Unachotafuta ni ngozi iteleze juu ya kilicho chini yake badala ya kunata.

Kano: papasa tu, kwa wepesi, kutoka chini kwenda juu, na ni baada ya picha ya altrasaundi kuonyesha pengo lake limejaa. Kuisugua kano kwa kidole kwa kukingamana na nyuzi zake ni kazi ya mtaalamu aliyeiona picha hiyo.

Miguu ikivimba kwa kusimama bandani, utaijua: huvimba yote miwili ya nyuma au yote minne, sawasawa, baridi, haiumi, na hupungua farasi akitembezwa. Hapo papasa kwenda juu, kuelekea moyo, dakika mbili kila mguu. Mguu mmoja peke yake ukivimba na kuwa na moto, rudi kwenye orodha ya siku usizokanda.

Kunyoosha, kwa karoti

Misuli ikishapata moto, na kama shingo na mgongo havina jeraha, mpe karoti mahali anapolazimika kuifuata: kidevu kifuani, kidevu kati ya magoti, kidevu ubavuni kila upande. Ashikilie sekunde chache, mara tano kila mkao. Utafiti uliochapishwa 2011 ulifuatilia farasi 8 waliofanyishwa hivyo siku tano kwa wiki kwa miezi mitatu, na misuli midogo inayoushika uti ikanenepa. Kwa farasi aliyefungiwa bandani, hili ni zoezi ambalo mguu mbovu haulipii. Usimvute miguu. Aifuate karoti mwenyewe, na umalize kabla hajaanza kukung'ata vidole.

Muda, na kesho yake

Kikao cha kwanza kiwe dakika 15. Vinavyofuata 20 hadi 30, na hata akishaanza kazi nyepesi usivuke 45. Mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha. Siku ya kati ni ya misuli kujibu.

Ukimaliza, mpapase tena mwili mzima, mpe maji, na kama ameruhusiwa kutembea, atembezwe dakika kumi kwa mkono. Andika daftarini tarehe, namba za mwanzo, ulipogusa, alipokataa, alipopiga miayo.

Asubuhi inayofuata nenda bandani kabla hajapewa chakula. Tazama anavyogeuza shingo kukuangalia, anavyotoa hatua ya kwanza, na kama alilala chini usiku, maana vumbi la mbao la bandani likimshika ubavuni litakuambia. Akiwa mwepesi kuliko jana, rudia ulichofanya. Akiwa mzito, kikao kijacho kiwe nusu ya kilichopita. Akiwa anachechemea zaidi, funga daftari na umpigie daktari.